Kikombe, Chai na Mtungi: Funzo la Ufinyanzi wa Magdalene Odundo

Wahakiki wetu wamezoea kuifananisha fani na kikombe, na maudhui na chai iliyomo. Mfano huu ni mwepesi kufundishia, nami nimeutumia darasani mara nyingi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba haufai, na shahidi wetu hatatoka katika fasihi bali katika ufinyanzi.

Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akasoma Kenya na India. Fani yake ya kwanza ilikuwa michoro ya biashara, aliyojifunza Kabete. Mwaka 1971 alikwenda Cambridge, Uingereza, kuiendeleza. Huko akauelekea udongo. Alisomea ufinyanzi Farnham, kisha Royal College of Art, London, alikohitimu mwaka 1982. Kabla ya hapo, mwaka 1974, alikwenda Abuja, Nigeria, katika kituo kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew. Huko wanawake wa Kigwari, akiwamo Ladi Kwali, walimfunza kujenga chombo kwa mikono, bila gurudumu.

Ni rahisi kuisimulia njia hiyo kuwa ni kurudi kwenye asili. Sivyo. Mzaliwa wa Nairobi hakuzaliwa na ufinyanzi wa Kigwari, aliufuata, akafunzwa. Kuipa damu sifa hiyo ni kuwanyima walimu wale ualimu wao, na mwanafunzi jasho lake. Kiswahili chajua zaidi: fundi na mwanafunzi ni maneno ya shina moja.

Ama kuhusu kazi zenyewe, Odundo hujenga mtungi kwa mkono, akaukwangua, akaupaka tope laini la udongo na kuusugua hadi ung'ae. Hatumii mng'aro wa kioo. Ukichomwa penye hewa ya kutosha, hutoka mwekundu. Ukichomwa tena hewa ikizuiwa, huwa mweusi. Rangi, basi, si vazi lililovikwa umbo. Ni tukio la udongo na moto. Mitungi hiyo haitiwi kitu, na mingi haina anwani. Lakini nani atasema haina maudhui? Shingo iliyoinama na tumbo lililojaa hutukumbusha mwili wa binadamu, na Kiswahili kilikwisha kuviita hivyo kabla ya mhakiki kufika: mdomo, shingo, tumbo. Maana haikumiminwa ndani. Imefinyangwa pamoja na ukuta wa chombo.

Huenda mtu akapinga kwamba chombo kitupu ni anasa ya majumba ya makumbusho. Hoja hii ina uzito. Hapa Kiembeni jokofu limeuondoa mtungi wa maji katika nyumba nyingi, ila chetezo cha udongo chaendelea kufukiza udi, na hushikwa kila siku na mikono ambayo haitaigusa kazi ya Odundo. Hilo ni pungufu la kweli. Hata hivyo, chetezo nacho chatuunga mkono: upana wa mdomo wake ndio unaoamua makaa yapate hewa kiasi gani, na udi uungue vipi. Umbo halibebi kazi. Umbo ndilo linaloifanya.

Tunapomtaka mwanafunzi ataje maudhui katika swali la kwanza na fani katika la pili, twamfundisha kumimina chai. Afadhali tumwulize shairi limefinyangwaje hata likasema lisemalo.