Dereva wa Malaba na Alama Iliyokatwa Bure

Aliyeandaa mwongozo wa kusahihisha ule mtihani wa majaribio uliozunguka shuleni huku kwetu mpakani alikosea, tena alikosea mahali ambapo mwalimu wa Kiingereza hana ruhusa ya kukosea. Mliokuwa kwenye usahihishaji mnalijua swali lenyewe. Sentensi mbili, mtahiniwa aziunganishe kwa "who": "The driver parked his lorry at Malaba yesterday. He is from Mombasa." Watoto wengi, wa Angurai wakiwemo, waliandika: "The driver who parked his lorry at Malaba yesterday is from Mombasa." Wakapewa sufuri. Jibu la mwongozo lilikuwa "The driver who has parked his lorry at Malaba yesterday is from Mombasa," na pembeni pakaandikwa kwamba kitenzi kikuu kiko katika wakati uliopo, kwa hiyo kitenzi cha kishazi sharti kikubaliane nacho.

Tuanze na hayo maelezo ya pembeni, maana yana madhara kuliko jibu lenyewe. Jibu baya hupita na mtihani wake. Kanuni mbaya hubaki kichwani mwa mwalimu kijana na kugawiwa darasa baada ya darasa. Dereva kuwa mtu wa Mombasa ni kweli jana, leo na kesho. Kuegesha lori ni tukio lililoanza jana likaisha jana. Sentensi moja inabeba nyakati hizo mbili bila shida yoyote, kwa sababu kishazi rejeshi hujichagulia wakati wake kufuatana na tukio linalotajwa ndani yake. Ile kanuni ya mfuatano wa nyakati inayotajwa sana madarasani ni ya usemi wa taarifa, na hata huko kinachovuta kishazi ni kitenzi kikuu kilicho katika wakati uliopita. Kitenzi kikuu cha wakati uliopo hakivuti kitu. "He says that he parked the lorry yesterday" ni sentensi safi, na sijapata kumsikia mwalimu yeyote akiisahihisha iwe "has parked". Sasa kama "says" haiwezi kukigusa kitenzi kilicho chini yake, hiyo "is" ya dereva wa Mombasa imepata wapi nguvu hizo?

Halafu "has" yenyewe. Hali timilifu ya Kiingereza haikai na chagizo linalotaja wakati uliokwisha kufungwa: "yesterday", "last week", "on Monday", "two days ago", "in 2010". Iwe katika kishazi huru au kishazi rejeshi, sheria ni ileile. Waingereza na Wamarekani hupishana kuhusu "just" na "already", lakini kwa "yesterday" wanasimama pamoja. Ondoa "yesterday" na "The driver who has parked his lorry at Malaba" inakuwa sawa kabisa, kwani msomaji anaelewa kwamba lori bado liko pale. Ukitaka kusema limekuwa pale tangu jana, ligeuze lori liwe kiima cha kishazi: "The lorry that has been parked at Malaba since yesterday." Mwandishi wa mwongozo alikuwa na njia mbili za kuiokoa "has" yake, na hakuifuata hata moja.

Kosa hili nalijua linakotoka. Linatoka katika Kiswahili chetu, na kwa kuwa hatulifundishi linakotoka, halitatuacha. Kiambishi -li- ndani ya kitenzi chenye kirejeshi hufanya kazi nyingi kuliko -li- ya kawaida. Mtu akisema pale Amagoro "lori lililoharibika liko barabarani," lori bado ni bovu. Kiingereza kitataka "that has broken down". Akisema "mtu aliyevaa kofia nyekundu," kofia iko kichwani wakati huu. Kiingereza kitataka "who is wearing". Akisema "dereva aliyeegesha lori jana," basi ni "who parked". Umbo ni moja kwa Kiswahili, Kiingereza kina matatu, na mara nyingi anayeamua ni kielezi. Weka "jana" kwenye kofia ile: "mtu aliyevaa kofia nyekundu jana." Papo hapo kofia imevuka ikawa ya jana, na Kiingereza kinarudi kwenye "wore". Mtoto anayetoka Kiswahili kwenda Kiingereza anapaswa kufundishwa kukitafuta kielezi kwanza, kisha ndipo achague umbo la kitenzi. Wale waliokatwa alama walikuwa wamefanya hivyo hasa.

Hapa sina budi kurudia ugomvi wangu wa siku zote kuhusu amba-. Kirejeshi cha katikati ya kitenzi hakikubali -me-. Katika Kiswahili sanifu hatusemi "ameyemaliza". Lakini amba- hukaa nje ya kitenzi na kuacha mlango wazi: "dereva ambaye ameegesha lori jana." Kiswahili kinalivumilia hilo, kwa kuwa "amefika jana" ni usemi wa kila siku. Mwanafunzi, na kama tunavyoona mwalimu pia, akilitafsiri neno kwa neno anapata "who has parked yesterday", yaani lile jibu la mwongozo. Nimesema tangu zamani kwamba tukiwaacha watoto waandike amba- kila mahali kwa sababu ni rahisi, tutawanyima "aliye-", "lililo-" na "walio-", na hasara itajitokeza hata katika somo la Kiingereza. Ashton, katika sarufi yake ya Kiswahili ya 1944, aliupa urejeshi nafasi yake bila haraka. Walimu waliomsoma hawakuwa wakiwatupia wanafunzi amba- kama dawa ya kila ugonjwa.

Wapo watakaoniambia ni alama moja tu. Basi watazame Katiba ya 2010, Ibara ya 15, ambayo nusu ya familia za huku zingepaswa kuijua kwa moyo kwa jinsi tunavyooana na watu wa Tororo. Ibara hiyo humpa haki ya kuomba kuandikishwa uraia mtu ambaye "has been married" kwa raia kwa muda usiopungua miaka 7. Hapo hali timilifu imewekwa kwa makusudi, pamoja na chagizo la muda linalofika hadi siku ya maombi: ndoa ilianza zamani na bado ipo. Andika "was married" badala yake, na kishazi kitamwingiza hata aliyeishi miaka 7 katika ndoa iliyovunjika kitambo. Kitenzi na kielezi ndani ya kishazi rejeshi ndivyo vinavyoamua nani yumo na nani hayumo. Waliotunga ibara ile walilijua hilo. Mtunzi wa mwongozo wetu hakulijua, na bado ni yeye aliyeshika kalamu nyekundu.

A. S. Hornby, aliyekwenda Japani mwaka 1924 kufundisha Kiingereza na kuishia kutunga kamusi ambayo wanafunzi wa dunia nzima wameitegemea, alifanya kazi kwa ruwaza: huu hapa muundo, hiki hapa kitenzi, kielezi kinakaa hapa na hiki hakikai. Kitabu chake cha ruwaza cha 1954 kilikuwa mezani mwa walimu waliotufundisha, na walikitumia. Quirk na wenzake mwaka 1985 walitoa sarufi kubwa kuliko ile, na ni mabingwa, lakini Hornby ndiye aliyemwandikia mtu anayesimama mbele ya ubao. Siku hizi mezani kuna vitabu vya marudio vyenye majibu mwishoni. Vinaorodhesha "since, already, yet" upande mmoja na "yesterday, ago, last" upande wa pili, jambo ambalo ni sahihi, ila orodha hiyo haiingizwi hata mara moja ndani ya kishazi rejeshi. Miaka ya KCPE nayo ilichangia. Kuanzia 1985 hadi 2023, maswali 50 ya lugha yalijibiwa kwa kuchagua A, B, C au D, na sentensi nzima mtoto aliiandika kwenye insha tu. Kizazi kilichosoma hivyo ndicho sasa kinachotunga miongozo.

Mengine katika karatasi ile yalikuwa mazuri: ufahamu ulichaguliwa vyema, na swali la mfanyabiashara aliyevuka mpaka liliweka "yesterday" mwanzoni mwa sentensi ili ijulikane wazi kuwa ni ya kitenzi kikuu, si ya kishazi.

Ila mtoto wa Angurai haniondoki mawazoni. Nyumbani anazungumza Kiteso, lugha ambayo kitenzi hutangulia mbele ya mtendaji. Sokoni anatumia Kiswahili, chenye kirejeshi ndani ya tumbo la kitenzi. Kisha anakaa kwenye dawati na kuandika kwa lugha yake ya tatu "who parked his lorry at Malaba yesterday", kila neno mahali pake, wakati uliopita ukiwa sambamba na kielezi chake. Hiyo ni kazi ya mtu anayejua anachofanya, na ilichorwa mkasi.

Wakuu wa idara za Kiingereza mlionazo karatasi zile, zitoeni kabatini kabla ripoti za muhula hazijafungwa. Futeni jibu la mwongozo pamoja na maelezo yake ya pembeni, na kila aliyeandika "parked" arudishiwe alama yake.