Usiulize Jina la Kadi, Uliza Fremu Yake Mbaya

Mwaka 2017 Nvidia walitoa kadi ndogo ya bei nafuu, GT 1030, yenye kumbukumbu ya GDDR5. Mwaka uliofuata ikaingia sokoni nyingine yenye jina lile lile, ila ndani imewekewa DDR4, jamii ya kumbukumbu unayoikuta kwenye RAM ya kompyuta ya kawaida. Ya kwanza ilipitisha gigabaiti 48 kwa sekunde, ya pili 16.8. Katika gemu nyingi hiyo ya pili iliambulia karibu nusu ya fremu za mwenzake. Aliyeingia dukani akaomba "1030" hakujua anaondoka na ipi.

Kwa hiyo mjuzi wa kadi za michoro jina halimbabaishi. Anauliza kumbukumbu ni kiasi gani, ni ya aina gani, na njia yake ina upana wa biti ngapi. RTX 3060 ya gigabaiti 12, iliyotoka 2021, ina njia ya biti 192 na hupitisha gigabaiti 360 kwa sekunde. Ndugu yake wa gigabaiti 8, aliyefuata baadaye kwa jina hilo hilo, ana biti 128 na gigabaiti 240. GTX 1060 ya gigabaiti 3 nayo haikupunguzwa kumbukumbu tu: ilikatwa hadi kori 1,152 wakati ile ya gigabaiti 6 ina 1,280. Kwenye laptopu mambo ni mabaya zaidi. RTX 4090 ya mezani ina kori 16,384, ya laptopu ina 9,728, na bado mtengenezaji wa laptopu ndiye anayeamua ataipa wati ngapi.

Kuhesabu kori nako kuna mipaka yake. Kunafaa kati ya kadi za kizazi kimoja na kampuni moja. Ukivuka kizazi, hesabu inavurugika: RTX 4060 ina kori 3,072, pungufu ya zile 3,584 za RTX 3060, na bado kwa wastani inaishinda kwenye skrini ya 1080p.

Nimesema "kwa wastani", na hapo ndipo watu wengi wanapopotezwa. Sekunde moja ina milisekunde 1,000. Kadi ikitoa fremu 60 kwa mpangilio, kila fremu inachukua kama milisekunde 16.7, na jicho linaona mwendo laini. Sasa chukua kadi nyingine: inatoa fremu 59 ndani ya milisekunde 800, halafu ya sitini inakwama kwa milisekunde 200. Wastani wa zote mbili ni fremu 60 kwa sekunde. Ni sawa na daladala mbili zilizofika Mbagala kwa wakati mmoja, ila dereva wa moja amekuja akikanyaga breki za ghafla njia nzima. Aliyesimama ndani anajua tofauti; mwenye saa kituoni hajui.

Mwaka 2011 mwandishi Scott Wasson wa The Tech Report alianza kupima muda wa kila fremu badala ya kuhesabu tu fremu za sekunde nzima, na tangu hapo upimaji wa kadi haukurudi ulikotoka. Siku hizi ripoti nzuri hutaja wastani pamoja na ile asilimia 1 ya fremu za chini. Soma namba hiyo ya pili kwanza. Kadi yenye wastani wa 90 na fremu za chini zikiwa 35 itakuudhi kuliko yenye wastani wa 75 na za chini zikiwa 60. Angalia pia mpimaji ameipataje: wapo wanaochukua wastani wa fremu mbovu zaidi, wapo wanaotaja kiwango ambacho asilimia 99 ya fremu hukifikia. Usilinganishe namba za huyu na za yule kana kwamba zimetoka kwenye mizani moja.

Ukirudi kwa 3060 na 4060 ukiwa na jicho hilo, mashindano yanabadilika. Gemu ikitosha ndani ya gigabaiti 8 za 4060, kadi hiyo inaongoza, na inakula umeme kidogo, wati 115 dhidi ya 170. Gemu ikizidi hapo, 4060 inalazimika kuazima RAM ya kompyuta kupitia mazabodi, na kigugumizi kinaanza. Ile kongwe ya gigabaiti 12 inaendelea taratibu bila kushtuka. Mimi kwa mtu anayehariri video au kutumia Blender ningempa 3060 ya gigabaiti 12 bila kusitasita, hata kama majedwali ya gemu yanasema vingine.

Huko kuazima kunategemea na mazabodi yako. Nyumba nyingi za Afrika Mashariki zina kompyuta zilizostaafu maofisini Ulaya, hizi Dell na HP zinazouzwa kwa mafungu, na nyingi zina PCIe, yaani kiunganishi cha kadi na mazabodi, ya kizazi cha 3 au cha nyuma zaidi. RX 6500 XT ya mwaka 2022 hutumia njia nne tu za PCIe na ina gigabaiti 4. Kwenye mashine mpya ya mpimaji inajikongoja. Kwenye mashine ya ofisi ya zamani inaanguka kabisa. Mashine hizo pia mara nyingi hazina waya wa ziada wa umeme wa kadi, na tundu la PCIe hutoa wati 75 tu. Hapo GTX 1650 isiyohitaji waya huo inaweza kuwa bora kwako kuliko kadi inayoishinda mara mbili lakini isiyowaka.

Prosesa nayo huamua. Wapimaji huweka prosesa kali kuliko zote ili kadi ionekane yenyewe. Ukitaka kujua kwako nani anamchelewesha mwenzake, shusha ubora wa picha kutoka 1080p hadi 720p. Fremu zisipoongezeka, prosesa ndiyo inayokuchelewesha, na kadi mpya itakuwa pambo.

Joto huwa halitajwi. Majaribio mengi hufanyika chumba chenye nyuzi ishirini na kitu. Kadi iliyofikia 72 pale, ipeleke Mombasa au Dar mwezi wa pili, chumba kikiwa na nyuzi 31, utaikuta kwenye 80 na zaidi. Kadi nyingi za Nvidia za miaka ya karibuni zimewekewa kikomo cha kawaida cha nyuzi 83, na hata kabla ya hapo huanza kupunguza mwendo kidogo kidogo. Kwa hiyo kati ya matoleo mawili ya kadi moja, ukanda wetu unamtaka yule mwenye vyuma vinene na feni kubwa. Hizo fremu mbili tatu alizotangaza mwenzake zitaishia kwenye jasho.

Tangazo lenyewe lisomwe kwa tahadhari. Mwaka 2001 iligundulika kwamba draiva ya Radeon 8500 ya ATI ilikuwa inaitambua gemu ya Quake III kwa jina la faili lake. Wapimaji walipobadilisha jina hilo likawa "quack", mwendo ulishuka na picha ikawa safi zaidi. Januari 2025 Jensen Huang wa Nvidia alisema RTX 5070 ya dola 549 ina uwezo wa RTX 4090, iliyotoka kwa dola 1,599. Hesabu hiyo ilijumuisha fremu zinazobuniwa na akili mnemba, hadi tatu kwa kila moja iliyochorwa kweli. Picha inalainika, sikatai, lakini fremu ya kubuni haijui kama umebonyeza kitufe. Linganisha kadi kwanza kitu hicho kikiwa kimezimwa.

Kwenye kadi zilizotumika, Septemba 2022 sarafu ya kidijitali ya Ethereum iliacha uchimbaji kwa kadi, na mzigo mkubwa ukamwagika sokoni duniani. Chipu iliyochimba si lazima iwe imechoka. Feni na pasta ya joto ndivyo huisha kwanza. Ukiuziwa P106-100 jua ni ya uchimbaji, haina hata tundu la skrini. Wapo pia wanaochukua chipu za mwaka 2010 au 2011 na kuziandika upya zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z huumbua nyingi za namna hiyo, basi iwe kwenye flashi yako. Ifungue, soma aina ya kumbukumbu na upana wa biti, kisha washa jaribio zito robo saa huku ukitazama joto na madoa kwenye picha. Muuzaji akisema umeme wa duka hautoshi kwa jaribio, mwambie utarudi ukitosha, na uingie duka la pili.