Mshono wa dharura: ni uzi, au na vidonge?

Mimba ina wiki 20, mlango wa kizazi umefunguka bila uchungu, na chupa ya maji imeanza kuchungulia. Daktari aisukume ndani kisha ashone mlango, au amlaze mama na kusubiri?

Kwa miaka mingi jibu lilitafutwa kwenye mafaili ya hospitali, na mafaili yana mtego. Mama aliyejifungua kabla ya kufikishwa chumba cha upasuaji huhesabiwa kuwa hakushonwa. Mwenye homa au anayetoka damu naye haguswi na sindano. Hivyo walioshonwa ni wale waliokuwa na nafuu tangu mwanzo, na sifa zote unapewa uzi.

Njia ya kuukwepa mtego huo ni kura ya kuamua nani ashonwe. Uholanzi, timu ya Althuisius iliwapigia kura wanawake 23 tu, wa mimba moja na wa mapacha pamoja. Matokeo yalitoka 2003: walioshonwa walikaa na mimba wastani wa siku 54, wenzao siku 20. Mwaka 2020 Amanda Roman na wenzake wakaleta jaribio la mapacha pekee, mlango ukiwa wazi sentimita 1 hadi 5 kabla ya wiki 24. Wanawake 30 ndio waliochambuliwa. Wasimamizi wa usalama walilisitisha mapema, kwa kuwa upande wa wasioshonwa walikufa watoto 20 kati ya 26, na upande wa walioshonwa 6 kati ya 34.

Pengo hilo ni kubwa mno kulipuuza. Hata hivyo, jaribio linalokatizwa wakati namba zinapendeza huelekea kutia chumvi ukubwa wa faida. Madaktari pia walijua nani kashonwa, maana mshono haufichiki. Angalau kifo hakibishaniwi kama tarehe ya kujifungua.

Kinachonisumbua zaidi ni dawa. Katika majaribio yote mawili indomethasini, inayotuliza mfuko wa uzazi, ilikwenda pamoja na uzi; kwa mapacha ziliongezwa antibiotiki. Waliokosa mshono hawakupangiwa kifurushi hicho. Kwa hiyo kilichoshinda ni mshono na dawa kwa pamoja, na mchango wa kila kimoja haujulikani. Wodini hilo huenda lisimzuie daktari, kwani atatoa vyote. Kwa mpangaji wa jaribio lijalo ni suala jingine: dawa wapewe wote, kura iamue uzi tu.