Nani Ashike Usukani? Uhakiki wa Filamu ya "Lifeboat"

Wahenga walisema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Methali hii tumezoea kuitumia kuwaonya watu wanaogombea uongozi pasipo kusikilizana. Lakini haituambii tufanye nini iwapo abiria wote ni wageni wa bahari, na mtu pekee anayejua njia ni adui aliyekizamisha chombo chao. Swali hilo ndilo alilolikabili mwongozaji Alfred Hitchcock, mzaliwa wa London aliyekuwa akifanya kazi Marekani, katika filamu yake ya "Lifeboat", yaani mashua ya kuokolea, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwezi Januari 1944 wakati Vita Kuu ya Pili vingali vimepamba moto.

Huenda msomaji akauliza filamu ya Wamarekani ina nafasi gani katika mazungumzo juu ya utamaduni wetu. Jibu ni kwamba sinema ni miongoni mwa sanaa zilizotufikia kwa nguvu kutoka nje, na anayeipokea bila kuihakiki huwa amepokea na mawazo yaliyomo bila kujua. Aidha, kama tutakavyoona, bahari ya vita hivyo iliwameza ndugu zetu pia.

Kisa

Meli ya abiria inapigwa na nyambizi ya Wajerumani katika bahari ya Atlantiki, na nyambizi yenyewe nayo inazama katika mapambano hayo. Wanaonusurika wanakusanyika katika mashua moja. Yumo Connie Porter, mwandishi wa habari mwenye koti la manyoya na bangili ya almasi; Rittenhouse, bepari mwenye viwanda; Kovac, mfanyakazi wa chumba cha injini; Gus, baharia aliyejeruhiwa mguu; Stanley, mwendesha redio; Alice, muuguzi; Bibi Higley, Mwingereza aliyekumbatia mtoto mchanga ambaye tayari amekufa; na Joe, mtumishi wa melini, Mmarekani Mweusi, aliyewaokoa mama huyo na mtoto majini. Mwisho anavutwa Willi, Mjerumani.

Mabishano yanaanza papo hapo. Kovac anataka Mjerumani arudishwe majini. Rittenhouse anatetea sheria na ubinadamu. Willi anabaki, akijifanya baharia wa kawaida, mpaka Connie anapomwita kwa cheo kwa lugha yake, naye anaitika: kumbe ndiye nahodha wa nyambizi. Mguu wa Gus unapooza, ni Willi, aliyekuwa daktari kabla ya vita, anayeukata kwa kisu cha kawaida. Dhoruba inapowapiga, ni yeye anayeushika usukani. Abiria wanaanza kumtegemea. Hawajui kwamba ameficha dira, maji na vidonge vya kumwongezea nguvu, wala kwamba anawapeleka kwenye meli ya Wajerumani badala ya Bermuda.

Gus anamfumania akinywa maji, naye Willi anamsukuma baharini wenziwe wakiwa usingizini. Kinachomfichua muuaji ni jasho usoni pake, kwani mtu asiyekunywa maji siku kadhaa hatoki jasho. Hapo abiria wanamrukia wote pamoja, wanampiga na kumtupa majini. Joe peke yake hashiriki, na anajaribu kumzuia Alice.

Maudhui

Filamu ilipotoka, baadhi ya wahakiki wa Marekani waliikasirikia. Bosley Crowther wa gazeti la New York Times na mwandishi Dorothy Thompson walilalamika kwamba imemwonyesha Mjerumani kuwa hodari na mwenye akili, ilhali wapinzani wake wanaonekana wadhaifu na wagomvi. Hoja hiyo yafaa ipimwe kwa makini, maana ndani yake mna swali kubwa la kazi ya sanaa wakati wa hatari. Je, msanii awaambie watu wake kwamba adui ni mpumbavu?

Kwa maoni yetu, Hitchcock aliona mbali kuliko wahakiki wake. Willi ana nguvu kwa sababu tatu ambazo filamu inazionyesha bayana: ana lengo, ana maji, na ana siri. Lengo lake linatokana na nafsi yake, lakini maji na siri ni wizi. Uhodari unaostaajabiwa na abiria umesimama juu ya kiu yao wenyewe. Anapiga makasia bila kuchoka kwa kuwa anakunywa wakati wao hawanywi. Hapa pana somo pevu kwa kila jamii: kabla hatujamsifu anayeonekana kuwa na nguvu kuliko wengine, tuchunguze nguvu hizo amezipata wapi na kwa gharama ya nani. Msanii ambaye angemchora Willi kuwa mjinga asingeweza kulifundisha jambo hilo.

Udhaifu wa abiria nao umeelezwa kwa haki. Wamegawanyika kwa mali na matabaka. Rittenhouse anadhani uongozi ni haki yake kwa sababu alikuwa nao nchi kavu, ingawa hajui kuendesha mashua. Connie analilia kamera yake kuliko maiti zinazoelea. Kovac anaona sawasawa kuhusu Mjerumani, lakini anaona kwa macho ya hasira, na wenziwe wanaichukia hasira yake kiasi cha kuukataa ukweli wake. Gus naye aliyaacha majina ya wazazi wake, akajiita Smith badala ya Schmidt, kwa sababu asili yake ni Ujerumani. Hivyo mpaka kati ya "sisi" na "wao" umepita ndani ya moyo wa mtu mmoja.

Hata hivyo, sehemu nzito kuliko zote, kwa msomaji wa Afrika, ni ile ya kura. Abiria wanapoamua kama Willi abaki au atupwe, Joe anaulizwa maoni yake. Anauliza kwanza kama yeye naye anayo kura, kisha anasema afadhali asiingizwe katika jambo hilo. Tukio hili linapita upesi mno. Lakini swali la Joe linaichana pazia yote. Hawa ni watu wanaojinadi kwamba wanapigania uhuru wa dunia, na mmoja wao hana hakika kama uhuru huo unamhusu. Mwaka huo wa 1944, Weusi wengi wa majimbo ya Kusini ya Marekani walizuiwa kupiga kura kwa hila na vitisho, na sheria kubwa ya kulinda haki hiyo ilipitishwa mwaka 1965. Nako Tanganyika, Waafrika walikuja kupiga kura ya kuwachagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza mwaka 1958.

Hapa ndipo filamu inapojikwaa. Imeligusa donda, kisha imelifunika. Joe ametengenezwa kuwa mcha Mungu, mpiga filimbi na mnyenyekevu, tena akapewa sifa ya kuwa alikuwa mchomoaji mifuko, na baadhi ya abiria wanamwita kwa jina la dhihaka juu ya rangi yake. John Steinbeck, aliyeandika hadithi ya awali, alikasirishwa na jinsi Joe alivyogeuzwa, hata akaomba jina lake liondolewe kwenye filamu. Ombi hilo halikutekelezwa.

Kilichoiokoa sehemu ya Joe ni uigizaji wa Canada Lee. Msanii huyu, aliyewahi kuwa bondia, alizikataa baadhi ya kauli za kujidhalilisha alizoandikiwa, na utulivu wake ulimpa Joe heshima ambayo mswada haukumpa. Anapojitenga na mauaji ya Willi, mtazamaji anaweza kuamua kwamba ni woga, ama ni imani, ama ni kumbukumbu: Mmarekani Mweusi wa wakati ule aliujua vizuri umati unaomuua mtu bila hakimu. Baadaye Lee alikwenda Afrika Kusini kuigiza katika filamu ya "Cry, the Beloved Country", iliyotolewa mwaka 1951. Alifariki mwaka uliofuata.

Fani

Ugumu aliojitwika mwongozaji ni kutotoka nje ya mashua hata mara moja. Filamu ilipigwa studio, katika hodhi kubwa la maji, lakini mtazamaji hupata tawi la kiu na upepo. Hakuna muziki wa kuwaliza watu, isipokuwa mwanzoni na mwishoni. Katikati tunasikia mawimbi, sauti za watu na filimbi ya Joe. Uchache huu wa vyombo umekuwa utajiri. Kila kitu ndani ya mashua kina kazi. Kwa mfano, mali za Connie zinapotea moja baada ya nyingine: kamera, koti, taipureta, na mwisho bangili ya almasi, inayofungwa kwenye ndoana kuwa chambo cha samaki. Bila hotuba yoyote tumeelezwa thamani ya almasi mbele ya njaa.

Mwisho wa filamu nao umejengwa kwa ustadi. Meli ya Wajerumani inazamishwa na Washirika, na kijana wa Kijerumani aliyejeruhiwa anapanda mashuani na bastola. Ananyang'anywa, na kwa mshangao anauliza kama hawatamuua. Sasa Rittenhouse, aliyekuwa mtetezi wa ubinadamu, ndiye anayetaka auawe, huku Alice akimfunga kidonda. Swali la watu wa namna hiyo wafanywe nini linaachwa mikononi mwetu.

Mashua yetu

Filamu hii ilikuwa haijamaliza mwezi mmoja na nusu katika majumba ya sinema wakati msiba wa kweli ulipotokea katika bahari yetu. Mapema Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo, ikiwa na watu 1,511, wakiwemo wauguzi na askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga, nayo ikazama katika dakika chache. Manowari zilizokuwa zikiisindikiza ziliishambulia nyambizi kwa mabomu ya kina mahali palepale walipokuwa wakiogelea walionusurika. Watu 1,297 walipotea.

Hakuna Hitchcock aliyewatengenezea filamu. Nao pia hawakuwa na kura katika vita walivyopelekwa, na hakuna aliyewauliza hata kwa adabu ile aliyoulizwa Joe.

Kwa hiyo tunawashauri walimu wa fasihi na sanaa za maonyesho waitumie "Lifeboat" kama kielelezo cha ufundi, wala wasiifanye kuwa kipimo cha ukweli. Watu tisa na mashua moja: mchezo wa namna hii hauhitaji jukwaa la gharama, kwani madawati machache yaliyounganishwa darasani yatatosha. Wanafunzi wakiwauliza wazee juu ya ndugu waliokwenda Bama, yaani Burma, na hawakurudi, watapata visa ambavyo havijaandikwa. Katika mchezo wao, Joe aulizwe kura yake wa kwanza, na apewe nafasi ya kuijibu kwa kirefu.