Sanamu, Ikoni na Cheo cha Askofu: Uhakiki wa Teolojia ya Kisasabaadaye ya Jean-Luc Marion

Miongoni mwa wanafalsafa Wakristo waliopokea changamoto za usasabaadaye, Jean-Luc Marion wa Ufaransa ana nafasi ya pekee. Katika kitabu chake *Dieu sans l'être* (1982), yaani Mungu pasipo Kuwa, haitetei metafizikia dhidi ya Nietzsche na Heidegger. Badala yake, anaikubali hukumu yao na kuigeuza kuwa faida ya imani: mungu aliyetangazwa kufa alikuwa dhana tu iliyoundwa na akili ya mwanadamu.

Hoja hiyo imejengwa juu ya tofauti kati ya sanamu na ikoni. Sanamu humrudishia mtazamaji kipimo cha macho yake mwenyewe. Ikoni, kinyume chake, ndiyo inayomtazama yeye, na hivyo hakuna jicho linaloweza kuimaliza. Kwa Marion, hata dhana inaweza kuwa sanamu. Ndiyo maana anautanguliza upendo mbele ya Kuwa, akiegemea Waraka wa Kwanza wa Yohana (4:8) kuliko tafsiri ya kimetafizikia ya Kutoka 3:14. Mchango huu ni mkubwa, kwani unaipa teolojia kigezo cha kujihakiki yenyewe.

Udhaifu unajitokeza pale kigezo hicho kinapoachwa njiani. Katika sura inayohusu Ekaristi, Marion anadai kwamba askofu pekee ndiye anayestahili kwa ukamilifu kuitwa mwanateolojia, kwa kuwa ndiye aongozaye adhimisho ambamo Neno hujifasiri lenyewe. Dai hili lina mantiki yake: linaizuia teolojia isigeuke kuwa maoni binafsi ya msomi. Hata hivyo, linaacha swali zito bila jibu. Ikiwa dhana tukufu kabisa inaweza kuwa sanamu, cheo kinaepukaje hatari hiyohiyo?

Simulizi ya Emau (Luka 24), ambayo Marion mwenyewe anaitegemea, inaelekea kumpinga. Wasafiri wawili waliomtambua Yesu katika kuumega mkate hawakuwa miongoni mwa wale Kumi na Mmoja. Wao ndio waliorudi Yerusalemu kuwasimulia yaliyotokea. Tena, mara walipomtambua, alitoweka machoni pao. Meza ya Emau, basi, haikumkabidhi yeyote mamlaka juu ya aliyeonekana. Iliwafanya waliokuwapo kuwa mashahidi.

Kwa hiyo, kasoro ya Marion si kuufuata usasabaadaye kupita kiasi, bali ni kutoufuata hadi altareni. Kanisa linalohakiki dhana zake na kuyaacha mamlaka yake bila kuhakikiwa huwanyima walei nafasi ya ushuhuda, na hubaki bila kinga pale madaraka yanapotumiwa vibaya. Tofauti aliyoiweka Marion inatosha kuirekebisha kasoro hiyo, mradi itumike kwa cheo pia: askofu ni ikoni anapoyaelekeza macho ya waumini kwa Mwingine, anapoyazuia yaishie kwake, amekuwa sanamu.