Fasihi Yetu ya Jela Haina Watoto

Kwenye rafu yangu ya vitabu kuna pembe ndogo ninayoiita, kwa utani tu, "gerezani". Pale ipo Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, ipo Haini ya Shafi Adam Shafi, na ipo nakala iliyochakaa ya Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela, ambayo si kitabu cha jela kwa maana ya kawaida ila nimeiweka hapo kwa sababu nitakayoieleza. Pembeni yake kuna vitabu viwili vya shule, Takadini na Watoto wa Maman'tilie. Hivi si vyangu. Nilivinunua kwa ajili ya kijana mmoja na havikumfikia.

Mimi ni mwandishi wa habari, mzaliwa wa Sikonge, na kazi yangu hunipeleka mahakamani Tabora mjini mara kwa mara. Siku hiyo nilikuwa nafuatilia kesi ya madai ya wakulima wa tumbaku, kesi ambayo iliahirishwa kama kawaida. Nje, chini ya mwembe, kwenye benchi, alikaa kijana na askari pembeni yake. Kiunoni alikuwa amechomeka daftari lililokunjwa. Akaniamkia, nikaitikia, kisha akaniuliza leo ni tarehe ngapi. Nilipomwambia, akahesabu kwa vidole. Alikuwa kidato cha nne, miaka 17, na mtihani wa taifa ulikuwa umebaki wiki sita.

Hatukuzungumza kuhusu kosa lake. Nilimuuliza anasomaje huko alikoshikiliwa, akasema hasomi, daftari ni la Kiswahili na amelisoma mpaka amelikariri. Takadini alikuwa ameifikia katikati siku aliyochukuliwa. "Kaka, inaishiaje?"

Nilijifanya mjanja. Nikamwambia nisimharibie utamu, nitamletea kitabu chenyewe amalize. Kiukweli nilivinunua vitabu wiki ileile. Lakini nilikuwa na safari, nikawa na habari nyingine, nikasema kesho, na kesho ikawa mwezi. Nilipokwenda kuuliza nikaambiwa ameshahamishwa. Sikuambiwa wapi, na haikuwa haki yangu kuambiwa. Mpaka leo najua kwamba sentensi mbili zingetosha pale kwenye benchi. Ningemwambia tu mwisho wa hadithi.

Tangu siku hiyo nimerudia kuvisoma vitabu vya pembe ile ya rafu nikiwa na swali moja: yule kijana yuko wapi humu? Hayumo. Nadhani kutokuwemo kwake kunatuambia jambo kuhusu fasihi yetu, na kuhusu madarasa ambayo hayapo.

Tuanze na Sauti ya Dhiki, kwa kuwa ndiyo mama wa fasihi ya jela kwa Kiswahili. Abdilatif alikamatwa mwishoni mwa 1968 kwa sababu ya waraka wa Kenya: Twendapi?, akafungwa miaka mitatu, na mashairi aliyoyaandika kwa siri humo ndani yakachapishwa 1973. Alipoingia alikuwa na miaka 22 tu. Ukiangalia umri, hakuwa mbali sana na kijana wangu wa chini ya mwembe. Lakini angalia alichoingia nacho. Alitoka katika ukoo wa washairi wa Mombasa, alijua vina na mizani, alijua shairi linajibizana vipi na shairi jingine. Walimnyang'anya watu, mwanga na karatasi, ila bahari za ushairi hawakuweza kumnyang'anya kwa sababu zilikuwa kichwani. Ndiyo maana kitabu kile kina nidhamu ya ajabu: kadiri hali inavyokuwa ngumu ndivyo umbo linavyozidi kukaza. Sifa ya kitabu hiki mara zote hupewa ujasiri wa mshairi, na anastahili. Mimi ningeongeza sifa kwa malezi aliyoyapata kabla.

Haini, iliyotoka 2003, ni jambo lingine. Shafi mwenyewe aliwekwa kizuizini baada ya Karume kuuawa Aprili 1972, na riwaya inatupitisha kwenye msako, mahojiano na mateso kwa lugha isiyopiga kelele. Nguvu yake iko kwenye vitu vidogo: sauti ya mlango, namna mtu anavyoanza kumtambua askari kwa hatua zake. Hamza, mhusika mkuu, ana mke, ana kazi, ana fikra zake kuhusu siasa ya nchi. Jela imemkatiza. Uchungu wote wa riwaya hiyo umejengwa juu ya neno hilo, kukatiza: kulikuwa na maisha yenye umbo, yakakatwa.

Mtoto wa miaka 15 au 17 bado hajawa na umbo la kukatizwa. Siku anazokaa ndani ndizo zinazomfinyanga. Mtu mzima akikaa mwaka mmoja mahabusu amepoteza mwaka. Mwanafunzi wa kidato cha nne akikosa wiki mbili za Novemba amepoteza mtihani, na pengine shule yenyewe. Fasihi yetu ya jela haijui kuhesabu muda wa namna hii, kwa sababu waliouandika wote waliingia wakiwa tayari wamesoma.

Unaweza kusema: basi tumsome mtoto kwenye Watoto wa Maman'tilie. Riwaya hii ya Emmanuel Mbogo imesomwa na maelfu ya vijana wa sekondari, na mimi ni mmojawapo. Inawafuata watoto wanaorudishwa nyumbani kwa kukosa ada na sare, mpaka jaani wanakookota vyakula, mpaka kwenye mitaa inayowafundisha yale ambayo shule haikuwafundisha. Wema wa kitabu ni kwamba hakimlaumu mtoto hata mara moja. Kinajua barabara ya kwenda mikononi mwa polisi huanzia geti la shule. Udhaifu wake, kwa maoni yangu, ni haraka. Balaa linafuata balaa, na watoto wanakimbizwa toka janga hili hadi lile bila kupewa nafasi ya kukaa chini wawaze. Tunawahurumia, ila hatuwasikii wakifikiri. Kijana wangu alikuwa anahesabu wiki kwa vidole. Mtu anayehesabu wiki anafikiri, na ningependa kusoma ukurasa mmoja tu wa fikra zile.

Magazeti hayawezi kuuandika ukurasa huo, na hapa naongea kama mtu wa gazeti. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliunda Mahakama ya Watoto, inayosikiliza mashauri faragha, na inalinda utambulisho wa mtoto. Ni sawa kabisa. Mimi mwenyewe hapa sikupi jina lake, wala kosa, wala shule. Lakini matokeo yake ni kwamba habari yangu huishia kwenye "mtoto mwenye umri wa miaka 17", na mhariri akikosa nafasi hukata hata hiyo. Sheria imeufunika uso kwa haki. Kazi ya kuonyesha kilicho nyuma ya uso bila kumfichua mtu ni ya riwaya, tamthilia na shairi, na bado hatujaifanya.

Sheria hiyohiyo ukiisoma kama maandishi ina mambo ya kumfanya mhakiki asimame. Kifungu cha 8 kinaorodhesha anachodaiwa mzazi au mlezi: chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu na malezi, uhuru, haki ya kucheza. Orodha nzuri, imekaa kama ubeti. Mbele zaidi inasema mtoto hatahukumiwa kifungo cha jela. Anaweza kupelekwa shule ya maadilisho. Na asiyepata dhamana akae mahabusu ya watoto. Sasa tazama maneno hayo mawili yalivyo jirani. La kwanza lina "shule" ndani yake, la pili halina. Aliyehukumiwa ana shule kwa jina. Anayesubiri, ambaye sheria bado inamwona hana hatia, hana.

Na hiyo mahabusu ya watoto iko wapi? Sheria ilipopitishwa zilikuwa chache mno: Dar es Salaam, Tanga, Moshi, Arusha, Mbeya. Tabora haikuwemo. Mwaka 2011 Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilitoa ripoti ya ukaguzi wake, ikaeleza ilivyowakuta watoto wakishikiliwa pamoja na watu wazima. Shule ya maadilisho yenyewe ni Irambo, mkoani Mbeya. Kutoka Tabora, barabara ya kusini inayokwenda huko hupita Sikonge, Ipole, Rungwa na Chunya. Yaani inapita kwetu. Nimekulia kando ya barabara ambayo mtoto aliyehukumiwa Tabora anaweza kupitishwa, na sikuwahi kuliwaza hilo hata siku moja.

Hapo ndipo ninapomhitaji Mbotela. Nchi yetu hii, Ugunda ya zamani, ilikuwa pembeni tu mwa njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Tuna maandishi ya njia ile kwa Kiswahili: Tippu Tip alisimulia maisha yake kwa maneno yake mwenyewe, na Tabora imo sana. Anaanza kuzungumzia safari zake za biashara tangu alipokuwa na miaka 12. Kwa hiyo mtoto wa njia ya misafara tunaye, lakini ni mtoto wa mwenye msafara. Waliofungwa minyororo hawakuandika. Ilibidi tusubiri mpaka 1934, na njia nyingine kabisa, ndipo Mbotela aandike Uhuru wa Watumwa, kitabu kuhusu watu waliokamatwa, wakakombolewa baharini na kukaa Freretown, Mombasa. Baba yake alikuwa miongoni mwao. Kati ya mateka na kitabu kulikuwa na kitu kimoja: shule.

Lakini tusikimbilie kushangilia. Uhuru wa Watumwa kina shukrani nyingi mno. Kila penye maumivu yanayotaka kusemwa, mkombozi Mwingereza anaingia na msomaji anaelekezwa kumpigia makofi. Shule ya misheni ilimpa Mbotela kalamu, na pamoja nayo ikampa aina ya sentensi inayopendeza walimu. Hilo ndilo ninaloliogopa ninapodai shule ndani ya mahabusu. Najua tutakachokipata haraka: insha za "nimejirekebisha", maigizo ya siku ya mgeni rasmi ambamo mtoto anajilaumu kwa sauti kubwa, anaishukuru taasisi, na watu wazima wanafuta machozi. Tumeshazoea fasihi ya mafunzo. Hatuhitaji nyingine iliyoandikwa na watoto wasioweza kukataa.

Ninachodai ni kidogo na kigumu zaidi. Mtoto aendelee na somo lilelile alilokuwa akisoma, kwenye ukurasa uleule alioachia. Kama ni logariti, logariti. Kama ni Takadini, Takadini. Riwaya ile ya Ben Hanson inahusu mtoto aliyezaliwa na ulemavu wa ngozi na mama anayekimbia naye kwa sababu jamii imeshamhukumu kabla hajatembea. Mwalimu hahitaji kumwambia kijana aliye mahabusu inamhusu vipi. Amwachie asome, amuulize wahusika na mandhari kama wanavyoulizwa wenzake, na alama apewe zilezile. Kumtahini mtoto aliyefungiwa kama mwanafunzi wa kawaida ni heshima ambayo hotuba ya maadili haiwezi kumpa.

Kuna atakayesema vitabu ni anasa, kwanza tushughulikie magodoro na chakula. Sikatai magodoro. Ila toka 2016 tumesema elimu mpaka kidato cha nne ni bila ada, na Novemba 2021 serikali ikatangaza kwamba waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali waruhusiwe kurudi. Kama mlango wa kurudi upo, basi mtoto aliyeko ndani anatakiwa afike mlangoni akiwa bado anakumbuka kusoma. Daftari moja lililokaririwa halimfikishi.

Behan, yule wa Ireland, alikamatwa Liverpool akiwa na miaka 16, mwaka 1939, akapelekwa Borstal, na karibu miaka 20 baadaye akatoa kitabu kinachocheka, kinachotukana, kisichoomba msamaha. Kenya waliurithi mfumo huo pamoja na jina lake. Wana Borstal Shikusa na Shimo la Tewa, lileile eneo la magereza ambako Abdilatif naye alipitia. Kitabu cha Kiswahili kutoka upande wa vijana bado nakisubiri. Nikikisoma nitajua kama ni cha kweli kwa ishara moja: hakitakuwa na shukrani kwa mtu kama mimi.

Vile vitabu viwili nimeamua kutovirudisha dukani. Nimeandika barua kwa ofisi ya ustawi wa jamii kuomba utaratibu wa kupeleka vitabu vya kiada kwa watoto wanaosubiri kesi. Jibu likija, Takadini itatangulia, na ndani yake nimeweka alama ya karatasi katikati, pale ninapokisia kwamba aliachia.