Njia Inayoacha Alama

Mwaka 1984 M. V. Berry, mwalimu wa Bristol katika Uingereza, alitoa maandiko yanayostahili kupimwa. Neno lake ni hili: elektroni ikiongozwa na nguvu ya sumaku inayozunguka polepole mpaka kurudi pale ilipoanza, nayo hurudi katika hali yake, lakini fazi, yaani hatua ya wimbi lake, imegeuka. Sehemu moja ya mgeuko hufuata muda uliopita. Ya pili haijali muda, hufuata umbo la njia tu: sumaku ikizunguka duara zima juu ya uwanda mmoja, ni digrii 180. Wengi walikuwa wameitupa sehemu hiyo. Berry aliuliza: na njia ikijifunga?

Hesabu yake ni wazi, tunaisifu. Lakini alidai mwendo wa polepole. Mwaka 1987 Aharonov na Anandan walionyesha kwamba si lazima. Tena, S. Pancharatnam wa India alikwisha kuona jambo la namna hiyo katika nuru, mwaka 1956, naye hakutajwa. Mwaka 1987 Berry mwenyewe aliandika kumrudishia heshima yake. Sisi tunaoshika kalamu tukumbuke: kumtaja aliyetangulia, hata kwa kuchelewa, ni sehemu ya elimu.